Ukija Mhunze na Dodoso Lako: Mwongozo kwa Mtafiti wa Lugha

Hongera kwa kupata fedha za utafiti. Pendekezo limepita, msimamizi ameridhika kwamba matumizi ya kazi za mawasiliano katika kujifunza lugha ya pili hayajachunguzwa vya kutosha vijijini mwa Afrika, na wilaya uliyoiteua ni Kishapu. Makao makuu yake ni Mhunze. Utatoka Shinyanga mjini, upite Kolandoto, ushuke ukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Yafuatayo ni kwa faida yako, nayo yameandikwa kwa huruma.

Tukumbushane kwanza ulichokuja kutafuta, maana wiki ya pili utakuwa umekisahau. Wazo lenyewe ni zuri, tena ni la siku nyingi. N. S. Prabhu, kule Bangalore kusini mwa India, kati ya 1979 na 1984, aliwaondolea wanafunzi vipindi vya sarufi akawapa mambo ya kutimiza: wasome ratiba ya treni, wafuate ramani, wafumbue tatizo. Kiingereza kingeingia chenyewe akili ikiwa imeshughulika na jingine. Mwaka 1985 Michael Long akashikilia kwamba kazi za darasani zichotwe kwenye maisha ya mtu, akatoa mifano ya kupaka rangi uzio, kununua viatu na kukata tiketi ya ndege. Tangu hapo pamezuka taaluma nzima ya kupima mambo hayo, yenye majarida yake na ugomvi wake. Peter Skehan anasema akili ina kikomo: kazi ikiwa nzito, msemaji akikazana kusema haraka atapoteza usahihi, akikazana na usahihi ataanza kukwama. Peter Robinson anasema hapana, kazi nzito ya aina fulani humvuta mtu atumie lugha tata zaidi na sahihi zaidi kwa pamoja. Wewe umekuja Mhunze kuamua kesi hiyo, ukiwa na kinasa sauti na rimu mbili za karatasi.

Lugha ya pili, ukihesabu vizuri

Pendekezo lako linasema Kiingereza ni lugha ya pili ya wanafunzi. Mtoto wa hapa anaamshwa kwa Kisukuma, anachunga kwa Kisukuma, anagombezwa na bibi yake kwa Kisukuma. Kiswahili anakutana nacho kwa mapana darasa la kwanza, siku moja na foleni na kengele. Akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Hesabu kwa vidole. Lugha yako ya pili imeshakuwa ya tatu, na ile ya pili yenyewe, ambayo watu wa huku wanaipigania kila siku zahanati, polisi na kwenye mizani ya pamba, haimo katika pendekezo lako kabisa. Halafu kumbuka kwamba kwenye dawati hilohilo ameketi mtoto wa mtumishi wa halmashauri aliyehamia kutoka Kagera au Tanga, ambaye nyumbani kwao wanasema Kiswahili tupu. Wote wawili utawaandika "mzungumzaji wa lugha ya kwanza isiyo Kiingereza" na kuendelea na safari.

Usije ukadhani swali la dodoso litakuokoa. Utauliza, "Nyumbani mnazungumza lugha gani?", mwalimu akiwa amesimama mlangoni na ukutani pameandikwa kwa rangi ya mafuta kwamba hapa ni Kiingereza tu. Watajaza Kiswahili. Wajasiri wachache watajaza Kiingereza. Shuleni kilugha kimekuwa kosa tangu enzi za babu zao, na mtoto mwenye akili hakiri kosa kwa maandishi. Usipoangalia utarudi chuoni na jedwali linaloonyesha kwamba Kisukuma kimetoweka Usukumani. Ukitaka ukweli, uliza jambo jingine: bibi akitaka maji ya kunywa, anakuagizaje? Mtoto atakujibu kwa maneno yaleyale ya bibi, na sauti yake pia.

Muhuri

Vitabu vyako vya mbinu za utafiti vina sura ya sampuli, sura ya uhalali wa vipimo na sura ya maadili. Havina sura ya muhuri, na hapo ndipo utakapotumia mwezi wa kwanza. Kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ni mwanzo tu wa ngazi. Barua inashuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inateremka kwa wa Wilaya, inapita kwa Mkurugenzi Mtendaji, inamfikia Afisa Elimu, inakwenda kwa afisa wa kata, na hatimaye inawekwa mezani kwa mkuu wa shule. Yeye ataisoma yote pamoja na nakala na mihuri, ataikunja, kisha atakuuliza kwa upole, "Sasa mwenzetu unataka nini hasa?" Jibu liwe fupi. Neno "nadharia" lisiwemo.

Katika kitabu cha wageni kuna safu ya maoni. Andika "Nimefurahi kupokelewa vizuri". Usiandike lolote la kitaaluma, maana kitabu hicho hukaguliwa.

Kuhusu fomu za ridhaa za wazazi, tulia kidogo. Umefika ukanda wa madini. Almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940 na John Williamson wa Kanada, imo ndani ya wilaya hiihii, na ukielekea magharibi utakutana na dhahabu ya Kahama na Geita. Mtu wa huku akimwona mgeni kashuka garini na karatasi, anataka sahihi au dole gumba, na anaeleza kwamba hakuna hatari yoyote na anaweza kujitoa wakati wowote bila madhara, anajua fika kinachofuata ni tathmini ya mashamba. Kadiri unavyoeleza kwamba huchukui kitu ndivyo anavyozidi kuamini kwamba unachukua. Tafuta mwenyekiti wa kitongoji akae karibu nawe. Salimia kwanza, "Mwangaluka" asubuhi na "Mwadila" jioni, na usitoe kalamu mpaka salamu ziishe, nazo haziishi upesi.

Posho? Kamati ya maadili ya chuo chako imekataza "kushawishi washiriki". Mkono mtupu haulambwi. Soda na biskuti hupita katika kamati zote duniani.

Chura chumbani

Sasa umo darasani na unatandaza vifaa. Bila shaka umeleta hadithi ya chura. Kila mtafiti wa lugha anayo: kitabu cha Mercer Mayer cha mwaka 1969, picha tupu bila maneno, kinachotumika kuwasimulisha watoto kwa lugha nyingi mno duniani. Mvulana ana chura ndani ya chupa chumbani kwake. Usiku, yeye na mbwa wake wakiwa wamelala kitanda kimoja, chura anatoroka. Asubuhi wanamtafuta ndani ya viatu.

Umekuja kupima jinsi mwanafunzi anavyopanga nyakati za vitenzi. Yeye amekwama kwenye picha za kwanza, na ana haki. Mbwa juu ya kitanda peke yake ni jambo la kuitisha kikao cha ukoo. Chura aliyefungiwa kwenye chupa ndani ya nyumba, usiku, mwezi ukiwa dirishani, si kitu cha kuchezea mtoto. Ni habari ya mganga, na mtu mwenye adabu hamsimulii mgeni habari hizo, hasa mbele ya kinasa sauti. Kwa hiyo atakuambia: "There is a boy. There is a dog." Atanyamaza. Wewe utaandika: uchangamano wa sentensi uko chini.

Filamu ya mapeasi ina nafuu kidogo. Wallace Chafe aliitengeneza mwaka 1975 huko California, ya dakika kama sita, ili kulinganisha masimulizi ya lugha mbalimbali: mzee anachuma matunda, kijana wa baiskeli anapita na kuiba kikapu kizima. Baiskeli Shinyanga haihitaji maelezo, mjini zimebeba abiria miaka na miaka. Kasoro ni kwamba hakuna atakayeisimulia. Darasa zima litaamua kesi: mwizi alipwe nini, mzee mwenyewe kwa nini alipanda mtini akaacha mali chini, na wale watoto watatu waliogawiwa matunda ya wizi wana hatia au hawana. Utapata mjadala mkali wa robo saa, wenye hoja, pingamizi na masharti ya "kama angali". Wote kwa Kiswahili na Kisukuma. Utaufuta ili kubakiza nafasi kwenye kadi.

Kazi iliyokamilika mapema mno

Ukiona picha zinakusumbua utahamia kwenye ramani. Mtindo wake ulipata umaarufu Edinburgh mwaka 1991: watu wawili, ramani mbili zinazofanana lakini si sana, mmoja ana njia na mwenzake hana, na katikati pamewekwa kizuizi wasionane karatasi. Ili njia ifike upande wa pili lazima lugha itumike. Kinadharia.

Simamisha kizuizi chako, kipande cha boksi la sabuni, juu ya dawati lenye wanafunzi watatu. Mpe Maria ramani yenye njia, mpe Juma isiyo na njia. Sema "Start". Maria atamtazama Juma, atainuka kidogo, atapitisha mkono juu ya boksi na kuichora njia yote kwa kidole kwenye karatasi ya mwenzake. Muda: sekunde nne. Juma atasema "Thank you", ambalo ndilo neno pekee la Kiingereza utakalonasa.

Usikasirike. Huku mgeni akiuliza njia haelekezwi, anasindikizwa; kumwachia maneno matupu aende nayo porini ni kumdharau. Halafu fungua tena vitabu vyako. Kazi hupimwa kwa matokeo, wanasema wakuu wako: je, jambo limetimia? Limetimia, bila kosa hata moja. Maria amepata alama zote na utafiti wako umepata sifuri.

Unaweza kujaribu kufuata ushauri wa Long na kutafuta kazi za kweli nje ya darasa. Ni ushauri mzuri, na utaona kwa nini wachache wanaufuata. Nenda Maganzo, jirani na Mwadui, ukatazame jiwe linavyouzwa. Muuzaji anajua limetoka wapi na hasemi. Mnunuzi anajua bei ya leo na hasemi. Mmoja ni Msukuma aliyejifunza Kiswahili ukubwani, mwenzake katoka mbali zaidi, na kila mmoja anamvuta mwenzake kwa nusu maneno mpaka wafikie kiasi. Wataalamu wako huita hali hiyo pengo la taarifa, nao hulitengeneza kwa mkasi na gundi. Hapa lipo lenyewe na lina thamani. Au panda mpaka kwenye maduara, yaani mashimo, ya dhahabu ya Mwakitolyo, siku wanapogawana viroba vya mawe kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, watu wa makabila chungu nzima wakibishana kwa Kiswahili kinachojengwa palepale. Hakuna darasa lenye kazi bora kuliko hiyo. Sasa toa kinasa sauti na fomu ya ridhaa. Ukisharudi salama, utaelewa kwa nini taaluma nzima hufanyia utafiti wake darasani, ambako aliyekubali ni mkuu wa shule.

Kundi la kulinganishia

Utataka mikondo miwili, A ifundishwe kwa kazi na B kwa ubao na chaki, kisha upime wote kabla na baada. Utauliza kama mikondo imepangwa bila upendeleo, na utajibiwa ndiyo, maana swali lako limesikika kama tuhuma. A ndio wanaojua kusoma. Hilo utaambiwa na mlinzi.

Mapumziko ya saa nne yataharibu mengine. Ulichowafundisha A kwa ufadhili wa kigeni, B watakipata bure chini ya mti, na pengine watakielewa zaidi kwa sababu waliowafafanulia wamewafafanulia kwa lugha wanayoijua. Jaribio la mwisho litaonyesha kwamba makundi yote mawili yameendelea sawasawa, na utaandika kwamba mbinu haina athari.

Idadi nayo ina mambo yake. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 madarasa yamejaa, kwa hiyo siku ya kwanza utafurahi na wingi wa sampuli. Pamba ikipasuka utapungukiwa. Ikivuma habari ya rashi ya dhahabu popote kati ya hapa na Geita, wavulana wa dawati la nyuma watahama usiku mmoja. Programu yako ya takwimu ina amri ya kushughulikia data zilizopotea, ikidhani zimepotea kwa bahati nasibu.

Sekunde za kimya

Hapa naomba uache mzaha kidogo, nami nijaribu. Wepesi wa kusema hupimwa kwa vituo: mashine inahesabu kila kimya kinachopita kiwango fulani, na kimya kikizidi, mwanafunzi hajui. Mtoto aliyelelewa vizuri Usukumani hamjibu mtu mzima papo hapo huku amemkazia macho. Anasubiri, anatazama chini, anajibu kwa sauti ndogo. Ukimgeuzia kinasa sauti anasubiri zaidi. Wewe umezihesabu heshima zake zote, moja moja, kwa usahihi wa sehemu ya sekunde, na umezijumlisha upande wa hasara. Yule mmoja aliyeropoka bila kusita, ambaye mwalimu amemfukuza darasani mara kadhaa kwa utovu wa adabu, ndiye kinara wa jedwali lako.

Muda wa kujiandaa nao uogope. Pauline Foster na Skehan, mwaka 1996, waliwapa wanafunzi wao London dakika kumi za kupanga watakachosema na wakaona lugha inanawiri. Mpe dakika kumi mwanafunzi aliyefundishwa tangu darasa la tatu kwamba Kiingereza hukaririwa. Atakuandalia hotuba nzima: jina lake, shule yake, mlo aupendao, nia yake ya kuwa daktari. Itatoka kama maji bombani, haina kosa wala uhusiano wowote na swali.

Dawa ipo. Martin Bygate na wengine wameonyesha kwamba mtu akirudia kazi ileile siku nyingine lugha yake hubadilika, kwa kuwa maudhui ameshayamudu. Rudi siku ya pili, ya tatu, mpaka wakuzoee na waanze kukucheka matamshi yako. Data za siku hizo ndizo za kuaminika. Bahati mbaya bajeti yako ina siku moja kwa kila shule.

Haisikiki

Sauti ulizonasa utampelekea mwanafunzi wa shahada ya uzamili Dar es Salaam azinakili kwenye maandishi. Ni kijana makini, amezaliwa Temeke. Atakurudishia kurasa safi zenye mpangilio huu: mwalimu anasema kwa Kiingereza, kisha mabano yenye neno "haisikiki", kisha mwanafunzi anajibu kwa Kiingereza. Mabano hayo yatajirudia kila ukurasa.

Rudi kwenye sauti ukiwa na mtu anayejua Kisukuma. Ndani ya mabano yamo haya: msichana anamnong'oneza mwenzake maana ya swali, mwenzake anabisha kwamba sivyo, mgeni anataka tofauti za picha, si kufanana kwake, wanagawana picha, wewe kulia mimi kushoto, wanapata tofauti tatu, wanatafuta Kiingereza cha "kibuyu" na kukikosa, wanaamua kuiacha ile yenye kibuyu na kutaja zile mbili wanazoweza. Kisha mmoja ananyoosha kidole na kusema, "Two, madam." Kufafanua swali, kujadiliana maana, kupanga, kukwepa neno lisilojulikana, yote uliyosafiri kuyatafuta yamefanyika, tena kwa ustadi. Yamefanyika katika lugha ambayo fomu yako ya uchambuzi imeiweka safu moja na kelele za bati wakati wa mvua.

Wala hujawa wa kwanza. Penina Mlama na May Matteru, katika ripoti yao ya mwaka 1978 waliyoiandaa kwa ajili ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), walieleza jinsi wanafunzi wanavyokuwa hai wanapotumia Kiswahili na wanavyodorora kinapoingia Kiingereza. Watafiti Criper na Dodd walikuja mwaka 1984, wakapima, wakakuta Kiingereza cha sekondari hakitoshi hata kusomea, na wakapendekeza kiendelee kufundishia. Zanzibar, Pauline Rea-Dickins na wenzake waliyachukua maswali ya mtihani wakayarahisisha Kiingereza chake na kuyauliza pia kwa Kiswahili, wakaona kwamba karatasi tupu haikuwa na maana ya kichwa kitupu. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka akieleza kwamba kufundisha Kiingereza ni jambo moja na kufundisha kwa Kiingereza ni jambo jingine. Ripoti hizi zote zinapatikana. Mtafiti mgeni huzisoma ndani ya ndege wakati wa kurudi.

Lini uje

Januari usije, kidato cha kwanza wanapokelewa na walimu wanahesabu madawati. Mvua ikikolea udongo mweusi wa mbuga utalishika gari lako mpaka upate ng'ombe wa kulivuta. Mei na Juni ni pamba, na michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA inachukua waliobaki. Septemba darasa la saba wana mtihani wa taifa, na kuanzia hapo hadi Novemba hakuna mkuu wa shule ya sekondari atakayekupa kidato cha pili wala cha nne, hata uwe na mihuri ya dunia nzima. Mwenge ukipita, shule iko barabarani. Wiki ya Nane Nane maafisa wako maonyeshoni Nyakabindi.

Inabaki katikati ya Agosti. Chumba cha wageni kitakuwa kimechukuliwa na mtafiti mwingine, amekuja kupima athari za kazi za mawasiliano katika lugha ya pili. Mwulize kama ameshatumia mkondo B.